Listi ya harusi yenye ilijipakaa rangi

Mi nilisoma mpaka darasa ya pili, na ile ya pili yenyewe sikuimaliza, juu baba alikuwa na ndama, na ndama haingojake muntu amalize kusoma. Kwa hiyo maherufi ninazijua moja moja, kama vile muntu anajua wauzaji wa soko: huyu ninamujua, yule ninamujua, lakini wakisimama wote kwa mustari moja, sijui wanasema nini. Rangi njo ninajua. Ng'ombe ikipita ku mulima ya ng'ambo, mbali kule, ninakuambia iko ya nani na mama yake ilikuwa gani. Ninasema hii mapema, juu bila rangi singekuwa na kitu ya kuwaelezea leo, na mujukuu wangu mwenye ananiandikia asingekuwa anacheka hivi mpaka vidole vinakosea.

Njo yeye aliolewa. Mujukuu wangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa mutoto wangu mwanaume. Sie tuko watu wa Masisi, watu wa mulima, wa maharagi na maziwa, lakini sijui Walikale ilituroga na nini. Mutoto wangu alienda kuoa kule ku pori, na sasa binti yake naye akasema bwana yake atatoka kule kule. Muzee wangu, ni kusema bwana yangu, akauliza kama huku kwetu wanaume waliisha. Mujukuu akamujibu kama hawajaisha, ila wenye walibakia wanafanana na yeye. Muzee akanyamaza siku mbili. Ilikuwa siku mbili ya muzuri sana.

Feti, ile sherehe ya kumutoa bibi-harusi, ilipaswa kufanyika kwetu, na jiko yote wakaniachia mimi. Hapo njo nikaanza kuogopa. Mi sikuogopaka sufuria, ata ikuwe ya watu mia moja. Niliogopa muntu moja.

Siku ya harusi ya mutoto wangu, zamani, mama ya bibi-harusi alitoka Walikale akakuya kwetu. Nilimupikia mimi mwenyewe. Mbuzi ya mafuta, maharagi yenye ilikaa ku moto tangu asubui, viazi, na foromaji, ile jibini yetu ya mulima, nilikata vipande vikubwa kuliko vya padri. Tukamukalisha ku meza ya heshima, uso kwa uso na mutoto wangu. Akaangalia sahani. Akashika kijiko, akakirudisha chini. Watu wakakula, wakakunywa, wakacheza, na sahani yake ikapoa mpaka mafuta ikaganda juu kama mushumaa. Kisha akasimama, akashukuru na sauti ya upole, akarudia kwao na njaa. Ile chakula niliimwangia mbwa.

Wajirani wakasema lazima mbuzi iko muziro ya ukoo yake, ni kusema ile nyama yenye wakubwa wao waliwakataza. Wengine wakasema alidharau mikono yangu. Mi sikuuliza. Unaanza wapi kumuuliza muntu sababu gani alikataa sufuria yako? Ata muke wa mutoto wangu, mwenye iko binti yake, sikumugusia ile habari. Yeye na mutoto wangu walienda kuishi Goma, na wakikuya tunaongea habari ya watoto. Na yule mama, tukawa tunasalimiana ku telefone tu. Habari ya huko? Muzuri. Na ya huko? Muzuri. Basi. Hakurudia kukanyaga kwetu.

Sasa yule mama njo koko wa bibi-harusi, mama ya mama yake, sawa vile mi niko koko. Lazima angekuya. Na mi niliapa ndani ya roho yangu: mara hii atakula, ata kama anakulaka mawe, nitaichemusha mpaka ilainike.

Mujukuu anafanyaka kazi ya sekretere ku ofisi moja ya Masisi sentre, na iko na ordinateri yake, ile kompyuta ya kubeba. Aliona vile ninazunguka mu lupango ya nyumba kama kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga, akasema: "Koko, hapana sumbuka. Tutafanya listi." Akapiga telefone kwa kila jamaa, wa mulima na wa pori. Kila muntu akamuuliza kitu moja: unakulaka nini, na nini hukulake? Juu ukoo ingine haigusi nyani, ingine haigusi nyoka, ingine samaki bila magamba, na muntu akipikiwa muziro yake ku harusi, ile harusi wataisema mpaka wajukuu wa wajukuu. Kila jibu akaandika vile ilisemwa, neno kwa neno.

Siku moja, jua iko katikati, ninatoa maharagi mu maganda ku baraza, akakuya kukaa pembeni yangu na ile ordinateri ku magoti. Akanionyesha. Ilikuwa vyumba vidogo vidogo, moja juu ya ingine, kama masanduku ya nyuki. Akaniambia kila chumba wanaita kaze. Huku jina, huku kwenyi muntu anatoka, huku ile yenye alijibu.

"Sasa nitaipakaa rangi," akasema.

Nikamuambia asubiri basi, niende kumutafutia bic ya rangi ya watoto. Akacheka. Akasema yeye mwenyewe hatapakaa kitu. Atapatia masini amri: kila kaze yenye iko na neno "yote" ndani yake, geuka kijani. Muntu mwenye anakula yote hana shida, ataonekana ya kijani. Wenye watabakia nyeupe, tutawaangalia mmoja mmoja. Na kesho ukiongeza muntu mupya, akiwa na ile neno, itageuka yenyewe, hakuna mwenye atagusa.

Mi sikusadiki. Nikasema tujaribu na muzee. Akaandika mu kaze moja tupu: muzee anakula yote. Kidole yake haijatoka vizuri, kaze ikakuwa kijani, kijani ya majani ya mahindi. Nikamuambia atoe ile neno. Nyeupe. Arudishe. Kijani. Atoe. Nyeupe. Arudishe. Maharagi ikamwangika mu magoti yangu, kuku ikakimbia kuya kuokota, na mi ninasema rudisha tena, rudisha tena, kama mutoto mwenye walimupatia pipi.

Kisha nikataka kuikamata. Nikasema andika: koko hakulake yote. Kaze ikakuwa kijani.

"Mbona kijani na nimesema hapana?"

"Haisikiake maana, koko. Inatafuta tu ile neno."

Nikasema kumbe iko kama muzee. Unamuelezea habari ndefu, anakamata neno moja katikati na anakujibu ile. Muzee alikuwa ndani, akasikia neno "muzee", akauliza kama chakula iko tayari. Hapo mujukuu alicheka mpaka karibu aangushe ordinateri.

Basi akafuta ile maneno ya kujaribia, akachukua ile kolone, ni kusema safu yote ya majibu, akaipatia amri. Kolone ikakuwa kijani kutoka juu mpaka chini. Mujukuu akapiga mikono. Wote wanakula yote, kazi imeisha, koko pika vile unapenda.

Mi nikaangalia. Nilichungaka ng'ombe, ninajua kijani. Mulima yenye kuchungiwa iko na alama: hapa ng'ombe ilipita, hapa ililala, hapa majani ilikataa kumea. Nikamuambia: "Mu hii nyumba tuko watu saba, na hatujakula sufuria moja bila kelele. Hawa wote, mulima na pori, wanakula yote? Nisomee."

Akaanza kusoma. Wa kwanza alisema: ninakula yote, mama, lakini nguruwe hapana. Wa pili: yote, hakuna shida, lakini bibi yangu akinusa samaki anatapika. Wa tatu: yote kabisa, lakini munganga alinikataza chumvi. Mama moja wa karibu na Kashebere: yote, lakini koko wetu hana meno. Bwana moja wa huku huku kwetu: mi ninakula yote, lakini mingi.

Nikacheka mpaka nikashika mubavu. Sasa nani atasema "sikulake" kwa muntu mwenye anamwalika feti? Ile ni kumutukana. Ata mi ninafanyaka vile. Unaanza kusema yote, unashukuru, kisha unapitisha ukweli polepole ku mulango ya nyuma. Mujukuu alisoma miaka na miaka, alisahau vile watu wa kwao wanaongeaka.

"Muambie itafute lakini," nikasema.

"Koko?"

"Ile neno yako ni ya adabu. Ukweli inakuyaka nyuma ya lakini. Muambie: fasi itaona lakini, ipakae nyekundu, na nyekundu ikuwe na nguvu kuliko kijani."

Aliniangalia kidogo vile unaangalia muntu mwenye alikuwa amelala na kumbe alikuwa anasikia. Akaandika amri ya pili. Na listi ikawaka. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, kama pilipili yenye wameanika ku shuka. Muzee alitoka kuona kelele ni ya nini. Tukamuonyesha, akauliza kama ordinateri iko mugonjwa.

Tulikaa pale mpaka maharagi ikaisha, ninapanga sufuria na kichwa yangu. Hii ya nguruwe, mbali na zingine. Hii ya bila chumvi. Hii ya wasio na meno, viazi ya kuponda na mashanza, ile maziwa yetu ya kuganda. Nilikuwa na furaha sana, unaona, mi mwenye sijui kusoma ninasoma watu mia moja kwa mara moja.

Na kisha nikaona. Chini, karibu na mwisho, katikati ya pilipili, kaze moja ilibakia kijani. Moja tu.

"Huyu ni nani?"

Mujukuu akaangalia, uso wake ukafurahi. "Ni koko wa Walikale. Alisema: ninakula yote, asante."

"Hakuna lakini?"

"Hakuna."

"Angalia nyuma ya asante."

"Koko, nyuma ya asante hakuna kitu."

Kwake yeye ilikuwa jibu ya muzuri kuliko zote. Mimi nikaacha kupanga sufuria. Watu wote wale wako na lakini, na mwenye aliacha sahani yangu mpaka ikaganda, njo yeye peke yake hana? Masini ilifanya kazi yake, siisemi mubaya. Neno haikuwa pale. Lakini ile kijani ilinikalia ku macho siku nzima, ata nilipofunga macho niliiona.

Nikamupigia yule mama telefone. Habari ya huko? Muzuri. Na ya huko? Muzuri. Halafu, mbele aseme basi, nikasema haraka: mukwe wangu, tuonane Kashebere Jumamosi, siku ya posho. Nitaleta foromaji, wewe leta mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Kashebere iko pale kwenyi Masisi inachoka na Walikale inaanza, hakuna mwenye atakuwa mugeni wa mwenzake. Akaitika upesi mpaka nikaogopa zaidi.

Nilipanda pikipiki na foromaji mbili ku magoti. Njia ilikuwa potopoto, tunateleza huku, tunateleza kule. Dereva akasema: "Koko, shika mimi, hapana shika foromaji." Nikamujibu yeye akianguka atapona.

Nilimukuta amefika. Alikuwa amekaa ku benchi ya mama moja mwenye anauzisha chai na mukate, bidon ya mafuta mu miguu, na uyoga wa kukausha amefunga mu majani. Alikuwa amekuwa mudogo. Mu kichwa yangu alikuwa mwanamuke murefu, wa kiburi, na hapa ninaona koko moja mwenye magoti yake inauma sawa yangu. Tukasalimiana, tukaagiza chai. Nilianzia mbali: mvua, njia, magoti, mvua tena. Chai ikafika nusu. Nikasema basi, nilitoka mbali.

"Mama, mbuzi iko muziro yenu?"

"Hapana."

"Maharagi?"

"Ninapenda maharagi."

"Basi ni foromaji. Ilinuka?"

Akaweka kikombe chini. Aliangalia mikono yake. Mabega yakaanza kutetemeka, nikafikiri analia, Mungu wangu, nimefanya nini. Kumbe anacheka. Anacheka na mukono ku kinywa, vile wasichana wanachekaka mu kanisa.

"Mama," akasema, "mulinikalisha mbele ya mukwe wangu."

Sikufahamu. Akanielezea polepole. Kwa ukoo yao, mama hakulake mbele ya mwanaume mwenye alioa binti yake. Hafungue kinywa, haonyeshe meno, ata kivuli yake anaipisha ku njia. Sie wa mulima tulikuwaka na ile heshima pia, lakini ililainika. Mama mukwe anageuka kidogo, anakula. Kwao haijalainika. Na sie, na heshima yetu yote, tulimupatia kiti ya mbele, meza ya mbele, mutoto wangu anamuangalia uso kwa uso na kumuambia karibu mama, kula, kula.

"Mbona hukusema?"

"Mugeni atasema nini? Muniondoshe ku meza ya heshima? Na binti yangu alikuwa bibi-harusi, bibi-harusi anaangaliaka chini." Akapangusa macho. "Ile mbuzi, mama. Harufu yake ilinifuata mpaka hapa Kashebere. Nilikamata njia na njaa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kwako, ilikuwa ya kile kiti."

Miaka yote ile. Nilikuwa nimebadilisha namna ya kupika mbuzi mara tatu juu ya yule mama.

"Na mujukuu aliponiuliza ninakula nini," akasema, "nilimujibu ukweli. Yote. Hakuniuliza wapi."

Akakunywa chai kidogo. Kisha akauliza, kama muntu mwenye alikuwa na ile swali tangu zamani: "Sahani yangu, nani aliikula?"

Ningedanganya. Lakini nilikuwa nimechoka na ile "muzuri, muzuri" ya telefone.

"Mbwa."

"Yote?"

"Yote. Haikuwa na lakini."

Mama wa chai alikuya kuuliza kama tuko salama. Tulikuwa tumeshikana mabega, foromaji moja imeanguka mu potopoto, hatuwezi kusema neno. Tulikata ile ingine pale pale, tukaikula na mukate, na yeye alikula nusu yake na nusu ya nusu yangu. Nilihesabu kila kipande yenye iliingia mu kinywa yake kama vile mama anahesabu meno ya mutoto.

Kurudi nyumbani, nikamuelezea mujukuu. Kisha akafungua ordinateri, akaongeza kolone mupya pembeni ya ile ya chakula, akaiita Fasi. Akapigia wamama wote wenye wako na mukwe mu ile feti, mmoja mmoja, akawauliza wanapenda kukulia wapi. Na akaipatia masini amri ya tatu: kaze yenye iko na neno "nyuma", geuka manjano. Tulifikiri itakuwa moja. Zikatokea sita, manjano kama maua ya maboga. Wamama sita wenye wangekaa ku viti vya heshima, wanatabasamu, wanakufa na njaa.

Siku ya feti tukafunga kamba nyuma ya jiko, tukaanika vitenge vinne vya wima mpaka chini, tukatandika mikeka. Muzee akauliza kama ile ni choo ya wageni. Nikamuambia ni fasi ya wakubwa, asikaribie. Mbuzi ilipita pale kwanza, mbele ya meza ya heshima, ile ninawaambia nyinyi tu. Maharagi, viazi, sombe, ile majani ya muhogo, na mafuta ya ngazi yenye koko wa Walikale alileta, na foromaji nilikata vipande vikubwa kuliko vya padri.

Koko wa Walikale alikaa pembeni yangu. Alianza na mbuzi. Hakuharakisha. Alivunja mufupa, akafyonza, akaweka pembeni, akachukua ingine, na kila mara alikuwa anasema mm, kidogo, kama muntu mwenye anakumbuka kitu. Wale wamama wengine walivua viatu. Ku mbele wanacheza, wanapigwa hotuba na wazee. Huku nyuma hatukusikia ata moja, juu meno ilikuwa inafanya kelele mingi. Bibi-harusi mwenyewe alitoroka meza yake na ile nguo nyeupe, akakuya kuingiza kichwa kati ya vitenge kuona kama manjano yake iko muzuri. Koko yake wa Walikale akamuwekea kipande ya nyama mu kinywa, akamufukuza.

Ile sahani ya kwanza ikaisha. Niliiangalia. Hakuna kitu iliganda juu yake. Ilikuwa inangaa kama imeoshwa. Nilitaka kuita watu wote waione. Niliishika tu ku magoti.

Njo pale tukasikia viatu, na sauti ya mutoto wangu ng'ambo ya kitenge. Alikuwa amekuya kusalimia mama mukwe wake, vile adabu inaomba.

"Mama, chakula inatosha huko?"

Meno yote ikasimama. Koko wa Walikale akajivuta kitenge ku kichwa, kinywa yake imejaa foromaji, akaanza kunichoma mubavu na kidole, mara mbili, mara tatu, nimujibie.

"Inatosha, mutoto wangu," nikasema. "Iko muzuri sana. Lakini leta mbuzi ingine."